Oili Nyembamba kwa Gari ya Nyamai

Nyumbani, nje ya Mutomo
11 Agosti 2025

Kanyiva mwanangu,

Barua hii inakuja na Abdijabar, yule wa kununua mbuzi, kwa sababu anapita Kibwezi kila wiki. Nimemwambia aitie mkononi mwako, si mkono mwingine, hata wa Ben wako. Usishtuke. Hakuna aliyekufa. Ni simu tu sitaki. Unajua network yetu inashika pale kwa mwamba peke yake, na mwamba uko mlangoni pa Ndolo. Nikipanda kuongea, baba yako mdogo anatoka na kikombe cha chai, anasimama anaangalia mawingu. Mwezi wa nane, mawingu gani?

Baba yako anaendelea. Ule upande uliopooza bado ni mzito, na maneno hayatoki, lakini kila Alhamisi tunampeleka hospitali ya misheni wanamnyoosha mkono na mguu. Mwenyewe anajua Alhamisi. Ananyoosha shingo kuangalia gari kabla sijamvalisha shati. Sasa hiyo gari ndiyo nataka kukuambia. Inakohoa. Asubuhi ukiiwasha inapiga ka-ka-ka-ka kama mtu anagonga sufuria akiita watoto. Ndolo ndiye anaiendesha na ndiye anaitia oili tangu baba yako alale. Anatia ile nzito ya malori. Anasema jua la huku linageuza oili nyembamba kuwa maji. Na ile anayotoa anapaka nguzo za boma lake mchwa wasile. Nguzo zake ni nyeusi zinang'aa kama viatu vya mchungaji, na gari yetu inakohoa. Sasa anasema injini imezeeka, gari ihamie kwake "aiangalie kwa karibu". Ikihama, Kanyiva, nani atanirudishia? Na baba yako nitampeleka hospitali na nini? Nimfunge kwa pikipiki na mpira kama gunia la ndengu?

Basi jana nilifungua boneti. Usicheke. Kile kifuniko cha kutilia oili kimeandikwa 5W-30. Nilikifuta na lesso nikasoma tena. Darasa la tano niliacha, lakini nambari hazijaniacha. Nikaenda kwa Qamar wa duka la vipuri, dada yake Abdijabar. Akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo oili waliotengeneza gari wanataka. Nyembamba. Yako inayotiwa imeandikwa ngapi?" Nikamwambia kopo la Ndolo ni 20W-50. Akavuta kiti akanikalisha.

Kuna ya kawaida, kuna iliyochanganywa, na kuna sintetiki kamili. Anasema sintetiki inakimbia mara moja kufika juu ya injini asubuhi, haiungui upesi kwa joto, na inaosha uchafu ulioganda. Lakini bei yake, mwanangu, inashika moyo. Nikikosea Ndolo atacheka mpaka watu wa Ikutha wasikie.

Uliza huko. Wewe umesoma. Niambie ukweli, si maneno ya kunifurahisha. Na kile kikohozi chako, unakunywa kitu moto? Usioge jioni na maji baridi.

Mama yako,
Nthenya


Kibwezi
16 Agosti 2025

Mwaitu mpendwa,

Barua nimepata, na Abdijabar amekataa hata maji, anasema mbuzi zinamngoja kwenye lori.

Kikohozi kimeisha. Mimi na Ben tuko sawa.

Kuhusu gari, mwaitu, naona uachie tu Baba mdogo. Amezoea hiyo injini. Oili nzito wengi wanatumia na magari yanatembea. Hizo sintetiki ni za watu wa Nairobi wenye magari mapya. Kama anataka gari ilale kwake kwa muda, si mbaya pia, atakuwa anakuja nayo Alhamisi.

Tafadhali usigombane naye wakati huu.

Msalimie baba. Mwambie nampenda.

Binti yako,
Kanyiva


Nyumbani
24 Agosti 2025, baada ya kanisa

Kanyiva,

Wakati huu ni wakati gani?

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mwanangu ndani sijamwona. Wewe ni mtu wa kuuliza dawa ya kupe mpaka mwenye kiwanda achoke, leo umeniambia "wengi wanatumia" na ukaishia hapo? Nikasema labda amechoka. Nikasema labda Ben ndiye amekataa. Halafu nikasema, wacha niamue mwenyewe, mimi ndiye nalala nikisikiliza hiyo gari kama itawaka kesho.

Nimeweka sintetiki. Kamili. 5W-30, vile kifuniko kinasema.

Ndolo alikuwa ameenda Kitui. Nikamwita Syokau, yule mama wa kwaya aliyekuwa anaendesha lori la maji. Akaingia, akasukuma kiti nyuma, akasema, "Mama Kanyiva, hii gari imelia siku nyingi na hakuna mtu ameuliza ina nini." Tukaenda mpaka kwa Qamar. Kabla ya kulipa nilikagua muhuri wa kopo kama mtu anakagua meno ya ng'ombe, maana nimesikia watu wanauziwa ya kuigiza. Qamar hakukasirika. Akasema, "Kagua, mama. Mimi pia nilikagua."

Fundi akafungua chini. Oili ya Ndolo haikumwagika, Kanyiva. Iliteremka. Kama uji uliolala mpaka asubuhi. Fundi akaikoroga na kijiti, ikashika kijiti. Na filta akaitoa, nzito kama jiwe la kusagia. Akaweka mpya, akatia oili yangu, rangi yake kama asali ya msimu wa kwanza. Injini ikaguruma kidogo, halafu ikatulia. Syokau akaniuliza, "Imezima?" Haikuwa imezima!

Alhamisi baba yako alikaa mbele. Tulipofika kwa lami alicheka. Ni upande mmoja tu wa mdomo unaocheka, lakini nimeishi na yule mtu, najua kicheko chake.

Ndolo amerudi. Amejua. Hanisalimii, anasalimia kuku.

Usinitafutie amani ambayo sijaomba. Niambie kuna nini.

Mama yako,
Nthenya


Kibwezi
30 Agosti 2025

Mwaitu,

Nisamehe. Nilitaka kukuficha mpaka ipite.

Wazazi wa Ben wako tayari kuleta mbuzi za ntheo, za kunioa kimila, mwezi wa kumi. Hatimaye. Unajua vile nimekaa. Hata nikizaa watoto wangapi hapa, bila zile mbuzi kufika kwenu mimi ni mgeni kwa nyumba ya Ben. Mama yake ni mwema, lakini siku ya sherehe mimi ndiye natumwa kuni, na wake za ndugu zake wameketi. Nikifa leo watabishana nizikwe wapi.

Tulimpigia Baba mdogo, kwa sababu baba hawezi kuongea na lazima mtu wa ukoo apokee. Alikubali. Siku iliyofuata akanipigia tena. Alisema atakaa mahali pa baba, lakini kwanza gari ije kwa boma lake. Alisema hawezi kupokea mbuzi za watu kwa nyumba ambayo mwanamke ndiye anaamua mambo. Hapo hujatia hata hiyo oili. Sasa umeitia, amenipigia jana akipiga kelele. Anasema umemdharau mbele ya Wasomali wa dukani na mbele ya kwaya.

Mwaitu, mimi sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Mpe tu. Ni gari. Ben anasema tutatuma ya kukodi tuktuk kila Alhamisi, baba asikose hospitali hata mara moja. Mpe, apokee mbuzi, halafu mambo mengine tutaona.

Nakuomba.

Kanyiva


Nyumbani
7 Septemba 2025

Kanyiva wa mama,

Nimelia. Sikufichi. Nimelia kwa sababu ulibeba hilo peke yako, na kwa sababu ya hizo kuni. Huyo anayekutuma kuni, mwambie nina mikono yangu, nitamletea mzigo mzima niuweke mlangoni pake, aone mtoto niliyemzaa mimi si wa kutumwa kuni.

Lakini gari sitoi.

Sikiliza vizuri nisije nikaonekana mkaidi bure. Hiyo tuktuk itoke wapi, ipite ule mchanga wa mto na mgonjwa? Itakuja Alhamisi ya kwanza na ya pili. Ya tatu mvua imenyesha, ya nne mwenyewe ana harusi. Na baba yako akikosa, ule mkono unarudi kukauka. Daktari alisema mwili ni kama unasahau njia. Sasa nikuingize kwa ndoa yako kwa kumrudisha baba yako kitandani? Ndolo apate kukaa kwa kiti kwa sababu mwenye kiti hawezi kuinuka? Mbuzi za namna hiyo mimi siwezi kuzitafuna, zitanikwama.

Na usidhani huku niko na raha. Nina hofu hata sasa naandika. Wiki iliyopita nilivuta kile kifimbo cha kupimia oili. Nyeusi! Ile asali yangu, nyeusi kama masizi ya chungu, na haijakaa wiki tatu. Nikasema Qamar ameniua. Nikaona tena tone chini ya injini, limelowesha mchanga. Nilienda kwake kwa miguu na jua lile, sijala, nikamwambia mbele ya wateja, "Umenitilia nini?" Yule mtoto wa watu hakunijibu vibaya. Akasema, "Mama, nguo ikifuliwa maji yanakuwaje? Oili inaosha uchafu wa miaka. Ikibaki nyeupe ndiyo ungeogopa. Utaibadilisha mapema mara hii ya kwanza, halafu utaona." Na lile tone akasema ni sili ya zamani, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, uchafu ndio ulikuwa umeziba pale, sasa umeondoka. Sili hiyo ni ya kununua. Hakunidanganya kwamba oili nzuri inaponya kila kitu. Hapo ndipo nilimwamini.

Nimeagiza sili. Ndolo ameshaona tone. Ameleta watu wawili kuliangalia, wakasimama wakitikisa vichwa kama wako matangani. Akaniambia, "Gari inatoka damu." Nikamwambia, "Ng'ombe wako wakitolewa kupe hutoka damu pia. Uliwachinja?"

Nisikie nikikuambia: mbuzi zitafika. Sijui vipi. Lakini si kwa mlango huo.

Kula vizuri.

Mama yako,
Nthenya


Boma la Ndolo
20 Septemba 2025

Kwa Mke wa Nyamai,

KUHUSU: GARI LA NDUGU YANGU

Salamu. Kama mwandishi wa ukoo, nakujulisha kwamba wazee watafika kwako Jumamosi ijayo, wakiongozwa na Mzee Kitheka, kukagua gari tajwa hapo juu, ambalo limetiwa oili isiyofaa hali ya hewa yetu, kwa ushauri wa watu wasio wa ukoo. Utaandaa funguo na chai.

Uamuzi wao utakuwa wa mwisho.

Wako katika kazi,
Ndolo


Nyumbani
28 Septemba 2025

Kanyiva mwanangu,

Walikuja. Chai nilipika, sikutaka waseme sikupika.

Nilimtoa baba yako nje nikamweka kwa kiti chake karibu na gari, amevaa koti. Ndolo alifungua boneti kama mwenye gari. Akavuta kifimbo, akakiinua juani kama mtu amekamata nyoka kwa mkia. "Oneni wenyewe! Nyeusi, na nyembamba kama chai ya rangi. Nimetia oili gari hili tangu ndugu yangu awe kama hayupo, halijawahi kuwa hivi."

Mzee Kitheka akanusa. "Imeungua?"

"Imefua," nikasema.

"Sijakuuliza wewe, mama."

"Lakini mimi ndiye nimeitia, mzee. Ukimuuliza Ndolo atakuambia ya nguzo zake."

Mmoja akacheka akajifanya anakohoa. Nikasema iwashwe. Syokau alikuwa ameshakaa ndani, na aliiwasha. Iliwaka mara moja. Haikupiga zile sufuria, hata yule jogoo aliyekuwa amelala chini ya toroli hakuamka. Ndolo akasema, "Kuwaka si kupona. Itakufa barabarani na mgonjwa ndani, halafu mtasema ukoo ulikuwa wapi."

Hilo neno lilinichoma, kwa sababu ndilo ninaloogopa usiku na mchana.

Wakaenda kando wakanong'ona, wakarudi. Mzee Kitheka akasema gari ikae kwa Ndolo mpaka mambo yatulie. Akanyoosha mkono. "Funguo, mama."

Nilikuwa nimeitoa kwa gari Syokau alipozima, nimeitia hapa kifuani, ndani ya nguo. Nikawaambia, "Iko hapa. Anayeitaka aingize mkono achukue, mume wangu anaangalia."

Kanyiva, Mzee Kitheka alirudisha mkono wake nyuma. Ndolo akasema nimepoteza adabu. Nikamwambia sijaipoteza, nimeiweka chini kidogo, wakiondoka nitaiokota.

"Ndugu yangu angekuwa na akili zake," Ndolo akaanza, "angeona aibu."

Mzee Kitheka alichoka. Akachukua fimbo yake, akaenda kumuaga baba yako. Akampa mkono wa kulia vile watu wanafanya kwa mazoea, halafu akakumbuka ndio ule mkono mgonjwa, akataka kuurudisha. Baba yako akaushika. Nakuambia akaushika! Kitheka akavuta, hakuachiwa. Akavuta tena. Baba yako anamwangalia machoni, shingo imesimama mishipa, jasho linatiririka, na hamwachi. Walikaa hivyo mpaka Kitheka akakaa chini kwenye kigoda, mkono bado umeshikwa.

Akamwambia Ndolo bila kugeuka, "Huyu mtu yuko."

"Mzee, gari..."

"Nimesema huyu mtu yuko. Umeniita nigawe vitu vya mtu ambaye yuko?"

Wakaondoka. Hawakusema gari ni yangu. Walisema wataongea siku nyingine. Wacha waongee. Sili imefika, fundi ameifunga, mchanga umekauka. Qamar ameniwekea kopo lingine la ile ile kwa ajili ya kubadilisha mapema.

Sasa wewe ongea na watu wa Ben. Waambie ukweli wote, usiwafiche kama ulivyonificha mimi. Waambie baba yako haongei lakini anashika. Wakisema hawawezi kuleta mbuzi kwa mtu wa hivyo, niambie, nitakuja Kibwezi niwasikie wakilisema hilo nikiwa nimeketi.

Mama yako,
Nthenya


Kibwezi
5 Oktoba 2025

Mwaitu,

Niliwaambia yote. Niliwaambia hata ya kifuani, mama yake Ben alicheka akaangusha ungo.

Baba yake Ben alisukuma kikombe chake kando, nikajua yamekwisha. Halafu akaniuliza, "Baba yako anashika kamba?" Nikasema nadhani anaweza. Akasema, "Mimi mbuzi nampelekea yule aliyekuzaa. Akiwa anapumua nitamtia kamba mkononi. Tukiwa na swali tutamuuliza yeye, tungoje atikise kichwa. Hatuna haraka ya kwenda popote."

Tunakuja Jumamosi, tarehe kumi na nane. Mbuzi watatu, na watu kumi hivi.

Mwaitu, nilikuambia ni gari tu. Ningekuwa karibu ungenipiga, na ningekaa kimya. Ben anauliza kama hiyo oili inafaa gari ya baba yake. Nimemwambia afungue kifuniko asome, asiulize watu.

Utamwambia Baba mdogo mwenyewe au nimwambie?

Binti yako,
Kanyiva


Boma la Ndolo
13 Oktoba 2025

Kwa Mke wa Nyamai,

KUHUSU: NTHEO YA KANYIVA

Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba wageni wanakuja Jumamosi. Kwa kuwa mimi si mtu wa kinyongo, nitahudhuria, kwa masharti yafuatayo. Gari lije kunichukua saa nne, ili wageni waone nimefika kwa heshima. Nitaketi kwa kiti cha ndugu yangu, kwa niaba yake, naye apumzike ndani asichoshwe. Funguo nitakabidhiwa mbele ya wageni, kwa kuwa ni lazima mtu asimamie vitu alivyoacha.

Bila hayo sitakanyaga hapo, na utaeleza wageni kwa nini.

Wako katika kazi,
Ndolo


Nyumbani
14 Oktoba 2025

Shemeji Ndolo,

Barua yako nimesoma, nikamsomea Nyamai pia. Alisikiliza mpaka mwisho.

Gari haitakuja. Kutoka kwako hadi hapa ni kuvuka korongo tu, na miguu yako ni mizima, mshukuru Mungu. Jumamosi asubuhi Syokau anaenda nayo kuteka maji ya wageni, halafu anawapokea kina Kanyiva pale barabara kuu, kwa sababu gari yao haitapita mchanga. Ikirudi itakaa chini ya mti wake, na funguo itakaa inapokaa.

Nyamai hatapumzika ndani. Atakaa nje na koti lake, kwa kiti chake, na kamba za mbuzi atashika yeye. Zikimponyoka mtu wa karibu atamsaidia kuzishika, halafu amrudishie. Huyo mtu wa karibu angeweza kuwa wewe. Nimekuwekea kiti upande wake wa kulia, kile cha mgongo mrefu, na bega la mbuzi, fungu lako la heshima, nimesema lisiguswe mpaka ufike.

Usipokuja nitawaeleza wageni kama ulivyosema. Nitawaeleza vizuri, nina sauti.

Na umeandika "vitu alivyoacha". Hajaacha kitu, shemeji. Yuko hapa, anakunywa uji, ananiambia kwa macho niandike haraka tulale.

Mimi,
Nthenya, mke wa Nyamai